Kitovu Hakitashuka Ziwani

Jumamosi, 11 Juni 1994

Nimerudi nyumbani likizo na nimekuta hatari. Dada Lidia amejifungua mtoto wa kiume. Hiyo si hatari. Hatari imewasili leo mchana juu ya magunia ya lori, ina kikapu cha usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, mfuko wa unga wa muhogo na mkeka wa kulalia.

Ni Mama Joakim, mama mkwe wa Lidia, kutoka ziwani.

Mkeka! Mtu anayekuja kumpa mzazi hongera huja na kuku, akanywa chai, akaaga. Mtu anayekuja na mkeka ana mpango.

Nimemwamkia. Shikamoo yangu ilikwenda sakafuni, kwa hiyo hakuisikia. Akamuuliza Mama kama huyu mdogo wake Lidia alizaliwa na ulimi au ulisahauliwa. Mama akacheka. Mama yangu mzazi! Akasema huyu ndiye Vitalia wetu, yuko kidato cha pili, anaongea na vitabu tu.

Halafu, kabla hajaketi, kabla hajanywa hata maji, Mama Joakim akauliza kama kitovu cha mtoto kimedondoka. Mama akasema bado. "Basi tupo," akasema Mama Joakim, akatandika mkeka wake.

Tupo wapi? Tupo tukingoja nini? Naandika hapa ili isipotee.

Kuhusu mzazi mwenyewe. Amelala chumba cha nyuma. Alishonwa nyuzi kule kituo cha afya. Nesi alisema apumzike, asibebe ndoo, asipande gari la barabara mbovu mpaka nyuzi zitazamwe. Akisimama anashika ukuta. Midomo imepauka. Tangu Pasaka tulikubaliana, yeye na mimi, kwamba atakaa hapa nyumbani mpaka apate nguvu. Alinishika mkono tulipokubaliana. Hiyo ni ahadi.

Mimi nina maarifa. Nimesoma sura nzima ya malezi katika kitabu cha sayansi kimu na nimeandika muhtasari. Hakuna aliyenipa usimamizi wa mzazi. Nimejipa.

Jumapili, 12 Juni

Baada ya misa nimemhoji Mama. Haikuwa rahisi. Alikuwa anageuza kahawa kwenye vichanja. Kahawa imeiva yote kwa mpigo, na mwaka huu watu wanasema wanunuzi binafsi watakuja na magari yao wenyewe mpaka vijijini, si chama cha ushirika peke yake kama zamani. Basi Baba na Mama hawapumui. Hata Jumapili mashine ya kumenya inazunguka, na Baba anamwomba Mungu radhi huku akizungusha.

Nimeuliza kitovu kina nini. Mama akasema kwa hao wakwe zetu kitovu cha mjukuu wa kwanza huzikwa kwa bibi mzaa baba, kikishadondoka mama na mtoto hupelekwa huko. Nikauliza hupelekwa kwa nini. Akasema kwa lori, kwani mimi nilidhani kwa ndege? Geuza kahawa.

Kwa hiyo mambo yako wazi. Kitovu kinadondoka. Kitovu kinashuka ziwani. Lidia anapandishwa lori na nyuzi zake, anarushwarushwa mteremko mzima, mawe yote, kona zote. Na tabasamu lote lile la Mama Joakim ni la mtu anayesubiri embe lianguke.

Hatua ya kwanza: kanuni. Nimeandika tangazo kwa kalamu nyekundu, nikalibandika kwenye mlango wa chumba kwa uji. Wageni wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Waingie mmoja mmoja. Wakae kwa muda mfupi. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mlango ukiwa umefungwa, hata kama kuna baridi. Mtu asiulize habari za kitovu.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenyewe. Nyingine ni za kweli, lakini pia ni za kuificha.

Jioni walikuja akina mama wa jumuiya. Mbele Mama Othmar, mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake wengine, ndoo za maji, mboga za maboga, unga. Nilisimama mlangoni na beseni. Nilikusudia kueleza kwa heshima. Hakuna kilichotoka. Nikanyoosha tu beseni mbele. Mama Othmar, kuni bado kichwani, akauliza kama anawe kwa miguu.

Mama Joakim akasema miwani yake iko ziwani, nimsomee hilo tangazo. Nikasoma. Sauti yangu ilifika mwisho wa karatasi ikarudi. "Sauti, mwalimu!" wakapiga kelele. Nikasoma tena. Ile ya kitovu niliiruka kwa sababu mhusika alikuwa ananitazama mdomoni.

Mikono hawakukataa. Walinawa, wakainusa, wakaisifu sabuni. Ni ile ya waridi niliyoinunua dukani kwa Nurdini, maana siku hizi duka limejaa sabuni za kila rangi, wakati mimi nakumbuka tulivyopanga foleni kwa kipande kimoja cha kufulia. Shida ilikuwa "mmoja mmoja". Mama Othmar akasema wamekuja kufagia, kufua, kupika na kumkanda mzazi. Hayo hayafanywi mmoja mmoja, kwani wamekuja kuungama? Akatua kuni kwenye ua. Akasema mwenye kanuni akiwahitaji, njia anaijua.

Waliondoka wakicheka hadi ng'ambo ya kijito. Ilikuwa aibu yao, wanaificha kwa kicheko.

Jumatatu, 13 Juni

Leo hakuja mgeni hata mmoja. Utulivu kamili. Kanuni zinafanya kazi!

Mtungi ulikuwa mtupu asubuhi. Nimekwenda kijitoni. Nimerudi. Umekwisha tena. Sikujua mtoto mdogo namna ile anatumia maji kuliko bweni zima. Nepi nazo. Nikifua moja yeye anaandaa nyingine, nadhani kwa makusudi.

Mama Joakim amemwogesha Lidia nyuma ya nyumba. Nilisikiliza kupitia ukuta. Maji ya moto, kitambaa, kukanda tumbo na mgongo, Lidia anaguna. Kisha akamkalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kwa ajili ya nyuzi. Hiyo imo katika muhtasari wangu! Maji ya uvuguvugu, chumvi, ukurasa wa pili! Ametoa wapi? Nimekagua begi langu. Zipu ilikuwa imefungwa, lakini mtu mjanja hufunga zipu.

Anamwimbia mtoto kwa lugha ya kwao. Sielewi neno. Kama wimbo hauna ubaya, kwa nini asiuimbe kwa Kiswahili?

Saa za adhuhuri akaja Mama Hafidha, mke wa Nurdini mwenye duka. Watu wa pwani hao, babu yao ndiye aliyekuja na cherehani. Alileta chupa ya chai iliyojaa uji wa pilipili manga. Kwao mzazi hunyweshwa uji huo ili damu chafu itoke na mwili upate joto. Yeye alinawa bila kuambiwa. Nikamshuku hapo hapo.

Na nilikuwa na haki. Nilijibanza kwenye migomba nyuma ya jiko, nikawasikia wakinong'ona, yeye na Mama Joakim. Niliyapata maneno haya: lori. Ijumaa. Mbele kwa dereva, si nyuma. Usiwaambie bado, watahangaika na kahawa yao.

Lori ni la Nurdini! Kila Ijumaa linatoka! Basi uji ule ni wa kumpa nguvu za safari. Ziwa na duka wameungana.

Nimechukua hatua. Nimeunywa uji wote mwenyewe.

Saa moja baadaye. Macho yanatoka machozi. Masikio yana joto. Nimelala kwenye nyasi baridi. Mbuzi ananitazama.

Lidia alipoulizia uji wake nikampelekea wa mahindi, usio na kitu. Akasema alisikia harufu ya ule wa pilipili tangu mlangoni, akakaa akiungoja. Nikamweleza kwa upole kwamba ule ulikuwa na mashaka. Akageukia ukuta. Mabega yalikuwa yanatikisika. Muhtasari unasema mzazi anaweza kulia bila sababu siku za mwanzo, asiachwe peke yake. Nikakaa karibu, nikamsomea muhtasari.

Jumanne, 14 Juni

Nimegundua jambo kubwa.

Mama Joakim ana fundo kwenye pindo la khanga. Dogo, gumu, limefungwa vizuri. Mara kwa mara analigusa kuhakikisha lipo. Mara kwa mara anakwenda nalo nyuma ya jiko, peke yake, na akirudi ana macho ya machozi na uso wa furaha. Bibi anayelia kwa furaha akishika kitu kidogo kilichokauka!

Ni kitovu. Kimeshadondoka na amekificha. Anaingoja Ijumaa tu.

Mtu atauliza kwa nini sikutazama tumbo la mtoto. Muhtasari unasema kitovu kiachwe kikavu, kisishikwe-shikwe, kisipakwe kitu. Siwezi kuvunja kanuni zangu mwenyewe. Pia mtoto akinitazama nasahau nilichojia.

Mpango: kitovu kikizikwa hapa kwetu, mtoto ni wa hapa, na mama yake hana sababu ya kushuka. Bibi atazika nini ziwani? Hewa?

Alipokwenda kuoga aliiacha khanga kwenye kamba. Nikafungua fundo. Ndani mlikuwa na kipande cha nailoni kilichosokotwa. Sikukifungua, kwa heshima ya mtoto. Nikakimbia nacho hadi shambani, kwenye ngoro, yale mashimo tunayochimba mteremkoni yashike maji, nikachagua shimo lenye maharage mazuri, nikafukia. Nikasali Salamu Maria moja. Nilipiga chafya tangu mwanzo wa sala hadi Amina. Ni umande. Juni ya huku si mchezo.

Nimerudi na moyo mwepesi. Lidia amelala. Mtoto alianza kulia kabla ya saa yake ya kunyonya, kwa sababu nimempangia saa, ili mama apumzike katikati. Kitabu kinashauri mpango. Nikamchukua mtoto nikamtembeza kwenye vichanja, nikamwonyesha kahawa ya daraja la kwanza na ya daraja la pili. Alilia kwa zote mbili.

Jumatano, 15 Juni

Nyumba haikaliki.

Mama Joakim amepekua kila kitu. Mkeka umekung'utwa, kikapu kimemwagwa, usipa wametawanyika, kuku wamefaidi. Ugali wa mchana umeungua. Hakumkanda Lidia. Hakuimba. Anashika kichwa kila mara, na akimjibu mtu ni kama kisu kinachonolewa.

Hasemi kilichopotea! Ushahidi huo. Mtu aliyepotelewa na kitu cha halali angekitaja.

Kwa heshima ya ukwe, yeye na Baba hawasemezani moja kwa moja. Tangu afike, Baba hajaingia jikoni kwake mwenyewe. Anakula kwenye stoo ya kahawa. Basi Mama Joakim akasimama uani akamwambia mbuzi. "Wewe mbuzi, waambie wenye nyumba, sisi wa ziwani ni maskini lakini hatufungui pindo la mgeni!" Baba kutoka stoo akaiambia mashine ya kumenya kahawa kwamba katika ukoo huu, yeye mashine ni shahidi, hakuna mtu aliyewahi kumwibia mkwe. Mbuzi akaambiwa amjibu huyo mashine kwamba basi kitu hicho kimeota miguu. Mashine ikaulizwa kama mbuzi ana uhakika hakukisahau kwenye lori. Wakaendelea hivyo mpaka Mama akamfungua mbuzi akampeleka malishoni, mazungumzo yakakosa pa kupitia.

Mimi nilikuwa nasoma. Kitabu kilikuwa juu chini. Nimegundua baadaye.

Alasiri nilimpelekea Lidia chai. Hakutaka. Titi la kushoto limekuwa gumu kama jiwe la kusagia, jekundu, la moto. Mtoto analishika, linamtoka, anapiga kelele, Lidia naye anauma khanga. Anatetemeka ingawa amefunikwa blanketi mbili. Aliniomba maji ya moto ya kujikandia.

Kuni hakuna. Zile za Mama Othmar zimekwisha jana. Nikakusanya majani makavu ya migomba. Moshi tu.

Nadhani ni usipa. Nimemweleza Lidia hivyo. Akasema, kwa sauti ndogo sana, niondoke na karatasi zangu.

Alhamisi, 16 Juni

Asubuhi Lidia hakuweza kukaa. Mwili moto kama sufuria iliyo jikoni. Mtoto amelia mpaka sauti imekuwa ya paka. Mama aliingia kutoka shambani, akamgusa, akasema jina la Bikira Maria, na kikapu cha kahawa kikamwanguka palepale na matunda yakaviringika mpaka chini ya kitanda. Sijawahi kumwona Mama akiacha kahawa sakafuni.

Akaniambia nikimbie kwa Mama Othmar. Niwaite. Wote.

Mimi! Kwenye mlango ule! Njiani niliandaa hotuba yenye sehemu tatu. Nilipofika Mama Othmar alikuwa anachambua maharage. Nilisimama. Hotuba ilikuwa imebaki kijitoni. Akaniuliza kama nimekuja na beseni. Nikafungua mdomo, nikasema, "Lidia anaungua." Basi. Nikaanza kulia, kwa sababu ya vumbi la maharage.

Alitoka akasimama ukingoni mwa mteremko, akaliita bonde zima kwa Kimatengo. Kutoka kila shamba wakatokea, vikapu vya kahawa bado kiunoni. Mmoja na kuni, mmoja na machela ya kanisani, wawili na maji. Walipita mlangoni wote kwa pamoja, wanane au kumi, chini ya tangazo langu. Mama Joakim alikuwa mbele, akimfunga Lidia kwa khanga na kutoa amri, na akina mama wale wanamtii kama wamemjua tangu ubatizo.

Wakambeba hadi dukani. Lori la Nurdini lilikuwa linapakia. Mama Hafidha alimteremsha kijana wa kupakia, akamkalisha Lidia mbele kwa dereva juu ya mto, mtoto kifuani. Mimi nikapanda nyuma na Mama Joakim. Niliyaona yote: safari imeletwa mbele kwa siku moja! Wanampeleka ziwani na homa yake!

Nilijikaza. Nikaiuliza sakafu ya lori tunakwenda wapi.

Mama Joakim akanitazama kama ameambiwa na gunia. Kituo cha afya Mbinga, akasema, wapi tena? Akasema alishamwomba Mama Hafidha nafasi ya mbele kwa ajili ya kesho, Lidia akatazamwe nyuzi bila kutembea kwa miguu. Hakutaka kuwasumbua wakwe zake kabla ya wakati, wana kahawa. Kisha akamgongea dereva, akamwomba ugoro kidogo kupitia dirishani, maana wake, wa nailoni, uliofungwa pindoni, umepotea tangu juzi na kichwa kinampasuka. Akavuta. Macho yakatoka machozi. Uso ukawa wa furaha.

Niliitazama milima kwa muda mrefu.

Nesi ni mtu mkali. Akasema titi limejaa maziwa hadi limepata uambukizo. Akatoa vidonge. Akasema mtoto anyonye kila anapolia na kila anapotaka, upande huo huo unaouma ndio aanze nao, na kitambaa cha maji ya moto kabla. Mama ale, anywe, alale mtoto anapolala, na kazi zote zifanywe na watu wengine. Nyuzi ni nzuri. Homa ikikataa kushuka, au damu ikizidi, au akiumwa kichwa sana, arudi bila kungoja siku. Halafu akauliza ni nani aliyemwambia mzazi anyonyeshe kwa saa.

Wote walinigeukia. Mimi nilikuwa nasoma bango la minyoo.

Ijumaa, 17 Juni

Homa imeshuka. Lidia amekunywa uji wa pilipili manga, chupa nzima. Mama Hafidha alikaa akimwangalia mpaka tone la mwisho, halafu akaniangalia mimi. Sijui anajua nini.

Uani kumejaa akina mama. Wanafua, wanapika, wanacheka. Wengine wamekwenda kumsaidia Mama kuchuma. Tangazo limeng'olewa. Sabuni ya waridi imebaki, na kila anayeingia ananawa, kisha anapiga saluti kuelekea kwangu. Nimehamia migombani.

Nilikwenda kufukua kile kinailoni. Kuku walikuwa wamenitangulia, lakini fundo lilikuwa zima. Nikalifunga kwenye pindo la khanga ile ile pale kambani, nikajificha. Mama Joakim alilikuta. Akalinusa, akalitikisa, udongo ukadondoka. Akamwambia mbuzi kwa sauti kubwa kwamba mizimu ya huku milimani ina adabu, ikiazima inarudisha. Kisha akaja akaniomba nimwonyeshe kucha zangu. Akazitazama. Akasema kucha za msomi. Akaenda zake akipiga chafya.

Mchana Lidia aliniita. Nilidhani ni kwa ajili ya muhtasari. Akaniambia nikae, akaniambia nisichukue kalamu. Akasema ni yeye aliyemwita Mama Joakim. Alimtuma dereva na ujumbe wa mdomo siku ile ile aliyojifungua. Akasema mwambie mama mkwe aje na mkeka, kwa sababu huku kwetu kahawa imeiva na hakuna mtu mwenye mikono, na Vitalia akirudi atanisomea.

Atanisomea! Alisema hivyo hivyo.

Nikauliza na ile ahadi ya Pasaka? Akasema ahadi iko palepale, alikuwa anatafuta wa kumsaidia kuitimiza. Mama Joakim hatampeleka popote mpaka yeye mwenyewe aweze kupanda kilima kile cha kanisani bila kushika mtu. Halafu akaniwekea mtoto mapajani, akageuka, akalala. Alilala papo hapo, mdomo wazi. Sikuwa nimemwona akilala hivyo tangu nirudi.

Mtoto alinishika kidole. Alikishika sana, hakukiachia, akinikazia macho. Pengine ananishuku.

Nimekaa hivyo alasiri yote. Mguu umekufa ganzi. Sikuhama.

Jumamosi, 18 Juni

Kitovu kimedondoka! Cha kweli. Wakati wa kuogeshwa, mbele ya mashahidi.

Mama Joakim akakifunga kwenye kitambaa. Nilisogea. Akampa Mama, akasema kizikwe hapa, kwenye mgomba wa karibu na dirisha la mzazi. Mama akashangaa, akauliza na desturi yenu? Mama Joakim akasema desturi yao ina mchanga, ziwani ukizika kitu leo kesho mbwa anacho mdomoni. Huku kuna udongo. Tena mtoto huyu atakuwa na kwao kuwili, akikosa samaki atakula mahindi. Kutoka stoo, Baba akaiambia mashine kwamba hayo ni maneno mazuri sana. Mbuzi hakuwepo, lakini Mama Joakim alijibu ahsante.

Nimekaa kufanya tathmini, kama tulivyofundishwa shuleni. Lengo lilikuwa Lidia asipandishwe lori la ziwani, na kitovu kizikwe kwetu. Lidia yuko kitandani, amekula mara mbili. Kitovu kiko mgombani. Mpango wangu umefanikiwa kwa ukamilifu. Kuna mambo madogo ya utekelezaji.

Jumapili, 19 Juni

Joakim amefika.

Shemeji yangu huyu namfahamu kidogo tu. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Mbamba Bay. Mrefu, mpole, anavaa suruali ya mtumba yenye mifuko mingi magotini. Kwa kuwa Mama ni mkwe wake, alipoingia uani Mama akajifunika khanga akatumbukia jikoni, na Joakim akabaki amesimama kwenye migomba yangu bila kujua aelekee wapi. Akamwona mtoto kupitia dirishani. Akamwona Lidia. Waliongea hapo dirishani, sikuyasikia yote, maana walikuwa wanacheka katikati ya maneno. Lidia alikuwa amesimama bila kushika ukuta. Hilo nimeliandika.

Kisha Joakim akaokota beseni la nepi, akaliweka begani, akateremka nalo kijitoni.

Joakim. Mwanaume. Mwalimu. Nepi. Mchana kweupe, siku ya Bwana!

Akina mama walipiga vigelegele. Mama Othmar akamwita mumewe kutoka ng'ambo aje aone. Mama Joakim akasema ndivyo alivyomlea, akavuta ugoro. Lidia alicheka mpaka akashika nyuzi. Kila mtu amefurahi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza.

Mimi nimejiuliza. Hakuna mtu anayesuuza nepi kwa furaha. Mimi nimezisuuza, najua. Amerudi akipiga mluzi, nepi zimekuwa nyeupe kuliko zangu, na amesema kesho alfajiri atakwenda tena, peke yake, asisumbuliwe mtu.

Peke yake!

Kuna kitu kule kijitoni. Nimeshachagua kichaka.